Kiporo cha Jumatatu: Wiki ya Jikoni na Majaribio ya Mapishi Mapya katika Vitabu vya Nyumbani, 1845–1954

Utangulizi

Vitabu vya mapishi vimezoeleka kutumiwa na wanahistoria wa chakula kama ushahidi wa kile kilicholiwa na watu wa zamani. Mtafiti hufungua kitabu cha mwaka fulani, huhesabu mapishi ya nyama, ya samaki na ya vitamutamu, kisha hueleza kwamba jamii husika ilikula hivi na hivi. Mazoea hayo yana kasoro. Kitabu cha mapishi ni maandishi ya maelekezo na ya matumaini. Kinasema chakula kipikwe vipi, hakisemi kwamba kilipikwa. Kati ya ukurasa na sahani kuna jaribio, na jaribio hilo lina gharama ya unga, kuni au makaa, muda wa mpishi na uvumilivu wa walaji. Iwapo pishi jipya likiharibika Jumanne jioni, swali la kwanza mezani halihusu ladha. Linahusu kitakacholiwa badala yake.

Insha hii inachunguza majaribio hayo kwa kulitazama juma zima la jikoni badala ya pishi mojamoja. Mifano yake inatoka katika vitabu vya nyumbani vilivyochapishwa Uingereza na Marekani kuanzia mwaka 1845, na inafuatwa hadi mwisho wa mgawo wa chakula Uingereza mwaka 1954. Mfano mmoja unatoka Nairobi. Hoja inayotetewa ni kwamba nafasi ya kujaribu pishi jipya ndani ya wiki ilitegemea kitu ambacho Kiswahili kina neno lake mahususi, yaani kiporo. Chakula kilicholala ndicho kilichokuwa dhamana ya jaribio. Palipokuwa na kiporo kabatini, kosa la jikoni lilivumilika. Pasipokuwa nacho, mtu mwingine alilibeba kosa hilo, na aghalabu mtu huyo hatajwi kwenye jalada.

Neno kiporo linastahili maelezo mafupi. Kwa maana ya msingi ni chakula kilichopikwa jana na kubakishwa ili kiliwe asubuhi yake au baadaye. Wanamichezo wamelichukua kwa mechi iliyoahirishwa, na matumizi hayo yanathibitisha kwamba ndani ya neno kuna wazo la deni lililobaki, jambo la jana linalodai kumalizwa leo. Maana hiyo ya pili inafaa sana katika kuzisoma ratiba za mlo zitakazojadiliwa hapa chini. Ifahamike pia kwamba majina ya siku yanaweza kumpotosha msomaji wa Kiswahili. Jumatatu, kwa hesabu ya majina yetu, ni siku ya tatu baada ya Ijumaa. Katika jiko la Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa siku inayofuata karamu ndogo ya Jumapili, na wiki nzima ya nyama ilianza kuhesabiwa kutoka kwenye karamu hiyo.

Wiki ya Isabella Beeton

Kitabu cha Isabella Beeton, Book of Household Management, kilitolewa kwanza kwa sehemu kuanzia mwaka 1859 na kukusanywa katika juzuu moja mwaka 1861. Kilikuwa na kurasa zaidi ya 1,100, nyingi zikiwa za mapishi, na kiliuza nakala 60,000 katika mwaka wake wa kwanza. Wanahistoria wameandika mengi juu ya sehemu zake zinazohusu watumishi na adabu za mezani. Kilichopewa uzito mdogo ni ratiba za mlo wa kawaida wa familia, ambazo zimepangwa kwa miezi na, ndani ya kila mwezi, kwa siku za juma.

Ratiba ya Januari inatosha kuonyesha namna mpango huo ulivyofanya kazi. Jumapili familia inapewa samaki bapa wa kuchemsha kwa mchuzi wa chaza, kisha mguu wa nguruwe wa kuoka, kisha pudini na pai ya matunda. Jumatatu samaki aliyebaki anapashwa moto ndani ya mchuzi uleule wa chaza. Nyama ya nguruwe inaliwa baridi, pamoja na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwa mchuzi. Na pai ya jamu inatengenezwa kwa vipande vya donge la unga vilivyobaki kutoka kwenye pai ya Jumapili. Jumanne ni shingo ya kondoo ya kuchemsha, na supu yake inatangulizwa mezani ikiwa na mchele au shayiri kidogo. Jumatano unaokwa mnofu wa mbavu za ng'ombe. Alhamisi mifupa ya mbavu hizo inachemshwa ndani ya supu ya mboga, na nyama yenyewe inaliwa baridi. Ijumaa masalia yake yanasagwa na kuliwa pamoja na sungura. Jumamosi ni pudini au pai ya nyama.

Mpangilio huo haukuwa wa kubahatisha. Oko moja la Jumatano linafika Ijumaa kwa sura tatu, yaani choma, supu na nyama ya kusaga. Hata vipande vya unga vilivyokatwa pembeni mwa pai vina siku yao. Aidha, Jumatatu katika nyumba nyingi za Uingereza ilikuwa siku ya kufua. Maji yalichemshwa tangu alfajiri, mikono yote ilikuwa kwenye nguo, na moto ulitumika kwa kazi nyingine. Nyama baridi na chakula kinachojipika chenyewe juu ya jiko havikuchaguliwa kwa sababu ya ladha yake. Vilichaguliwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusimama jikoni.

Sasa, pishi jipya liliingia wapi katika wiki ya namna hii? Beeton hasemi, na ndiyo maana ratiba lazima isomwe pamoja na vipengele vingine vya kitabu. Kila pishi lake limeambatanishwa na gharama ya wastani, msimu unaofaa na idadi ya watu wanaoshiba. Vipengele hivyo vitatu vinamwezesha mama mwenye nyumba kukadiria hasara kabla ya kujaribu. Ukiangalia siku ambazo ratiba inaweka chakula cha pekee au cha anasa, utakuta mara nyingi kinakaa jirani na kiporo. Alhamisi ileile yenye nyama baridi na supu ya mifupa ndiyo yenye ndege wa mwituni wa kuoka na makaroni. Samaki wa kukaanga na sungura wa Ijumaa wanakaa kando ya nyama iliyosagwa. Tafsiri inayopendekezwa hapa ni kwamba mpangilio huo, hata kama haukukusudiwa hivyo, uliweka akiba ya usalama. Ndege akiungua, nyama ya jana ipo. Siku isiyofaa kwa jaribio ni Jumapili, kwa kuwa kuharibika kwa mnofu wa Jumapili kunaharibu pia Jumatatu, na pengine Jumanne.

Pingamizi la wazi ni kwamba ratiba hizi zenyewe ni matumaini, sawa na mapishi. Ni kweli. Familia za wafanyakazi wa viwandani hazikuwa na chaza wala ndege wa mwituni, na wengi walipata nyama ya maana mara moja tu kwa wiki. Lakini umbo la wiki, yaani oko kubwa likifuatwa na siku za mabaki, lilikuwa pana kuliko orodha ya vyakula vya Beeton. Yeye hakulibuni. Alilikuta na kulipa maandishi.

Aliyejaribu kwanza

Kama kiporo kilikuwa dhamana ya msomaji, dhamana ya kwanza ilipaswa kutoka kwa mwandishi: je, alilipika pishi hilo yeye mwenyewe kabla ya kulichapisha? Hapa tofauti kati ya Beeton na mtangulizi wake, Eliza Acton, ni kubwa.

Acton, ambaye awali alikuwa mshairi, alichapisha Modern Cookery for Private Families mwaka 1845. Alieleza wazi kwamba mapishi yake yalijaribiwa nyumbani kwake, chini ya macho yake. Mwishoni mwa kila pishi aliweka orodha fupi ya viungo, vipimo na muda wa kupika, jambo ambalo leo linaonekana la kawaida kiasi kwamba ni vigumu kukumbuka kuwa kuna mtu aliyelianzisha. Kabla yake maelezo mengi yalikuwa aya moja ndefu ambamo msomaji aligundua katikati ya kazi kwamba alihitaji siagi asiyokuwa nayo. Acton alikuwa na ucheshi pia: kitabuni mna pudini ya mchapishaji, iliyosheheni vitu vya gharama, na pudini ya mwandishi maskini, ya mkate, maziwa na mayai. Wasomi wanaopuuza vitabu vya jikoni kama maandishi yasiyo na fasihi wangefaidika kwa kuzisoma mbili hizo kwa pamoja.

Beeton alikuwa mhariri zaidi kuliko mpishi. Alikusanya mapishi kutoka vitabu vya wengine, Acton akiwamo, bila kuwataja, na mengine yaliletwa na wasomaji wa jarida la mumewe. Alipoanza safu yake jaridani mwaka 1857 akiwa na umri wa miaka 21, pishi lake la keki lilichapwa bila kuonyesha idadi ya mayai. Kosa hilo limesimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Linafaa kusomwa pia kutoka upande wa pili wa ukurasa, kwa mwanamke aliyepima sukari na unga wake akiamini maandishi. Hasara yake haikuandikwa popote. Acton alifariki mwaka 1859, baada ya kulalamika katika toleo la 1855 kwamba waandishi wengine walikuwa wakichukua kazi yake bila kukiri. Beeton alifariki mwaka 1865 akiwa na miaka 28, na jina lake likaendelea kuuza vitabu kwa miongo mingi.

Haifai hata hivyo kumhukumu Beeton kwa kigezo cha uasilia peke yake. Alichukua orodha ya Acton na kuihamisha kutoka mwisho wa pishi hadi mwanzo. Badiliko hilo dogo lilimwezesha msomaji kuamua kama anaweza kujaribu kabla ya kuwasha moto. Kwa mtazamo wa insha hii, kuhamisha orodha ni mchango mkubwa kuliko kubuni mchuzi mpya.

Kipimo cha kijiko

Jikoni mwa pwani ya Afrika Mashariki vipimo vya nafaka viliwahi kuwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, lakini chumvi, viungo na maji vilipimwa kwa jicho na kiganja. Mwanafunzi wa jiko la namna hiyo hujifunza kwa kusimama kando ya aliyemtangulia. Hakuna haja ya kuandika kiasi cha chumvi kwa mtu anayekiona kiganja cha mama yake. Hali haikuwa tofauti sana katika nyumba za Uingereza na Marekani kabla ya karne ya 19 kuisha: kijiko kilichojaa cha mmoja kilikuwa kijiko na nusu cha mwingine, na siagi ilipimwa kwa ukubwa wa yai au wa jozi.

Tatizo lilikuja pale aliyetangulia alipokuwa mbali. Wasichana waliohamia miji mikubwa, au walioolewa mbali na kwao, hawakuwa na kiganja cha kutazama. Fannie Farmer, mkuu wa shule ya upishi ya Boston, alilitatua tatizo hilo kwa ukali. Katika kitabu chake cha mwaka 1896 alisisitiza kwamba kikombe na kijiko vijazwe kisha visawazishwe juu kwa kisu. Mchapishaji hakuwa na imani na kitabu. Alikubali kuchapa nakala 3,000 tu, tena kwa gharama za mwandishi mwenyewe. Kiliuzwa kwa mamilioni katika miongo iliyofuata.

Kipimo kilichosawazishwa kilibadilisha tabia ya jaribio. Zamani pishi jipya lilihitaji marudio matatu au manne hadi mkono uzoee, na marudio hayo yalitawanywa katika wiki kadhaa. Kwa kipimo cha Farmer, mpishi mgeni alitarajiwa kufaulu mara ya kwanza. Matarajio hayo yalikuwa na upande wake wa uchungu: keki ikianguka, kosa halikuwa tena la kitabu.

Mapishi yaliyosemwa kwa mdomo

Kitabu kingine cha wakati huo kinaonyesha namna nyingine ya kusafiri kwa pishi. Mwaka 1881 huko San Francisco kilichapishwa kitabu cha Abby Fisher, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani Kusini mwa Marekani na ambaye achari na michuzi yake ilishinda medali katika maonyesho ya California. Fisher hakujua kusoma wala kuandika. Alisema mapishi yapatayo 160, na wanawake wa mji huo wakayaandika.

Alama za kusemwa huko hazikufutika. Jambalaya, chakula cha Louisiana, kinaonekana kitabuni kikiitwa "Jumberlie". Mchanganyiko wa mahindi na maharage unaojulikana kama succotash umeandikwa "Circuit Hash". Waandishi wengi wa mapitio wameyachukulia majina hayo kama makosa ya kuchekesha. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, aliyezoea kuona jina likibadilika linapotoka kinywani na kuingia katika hati, ni ushahidi wa thamani. Unathibitisha kwamba kati ya mjuzi na karatasi palikuwa na sikio, na kwamba sikio hilo lilikuwa la mtu asiyekijua chakula kinachotajwa. Aliyeandika hakukijaribu. Laiti angekuwa amekipika angalau mara moja, pengine angekijua kwa jina.

Fisher, kwa upande wake, alikuwa ameyajaribu mapishi yake kwa zaidi ya miaka 35 ya kazi. Ndiye, kati ya waandishi wanaojadiliwa hapa, aliyekuwa na uzoefu mrefu zaidi wa jiko, na ndiye pekee aliyelazimika kutegemea kalamu ya wengine. Ni jambo la heri kwamba jina lake liko kwenye jalada. Wapishi wengi waliokuwa na ujuzi kama wake katika nyumba za Kusini waliacha mapishi yao katika vitabu vilivyobeba majina ya waajiri.

Yai moja kwa wiki

Mgawo wa chakula ulianza Uingereza Januari 1940 na kuisha Julai 1954. Wiki ya jikoni ikawa jambo la kisheria. Viwango vilibadilika mara kwa mara, lakini kwa kawaida mtu mzima alipata kwa wiki takriban aunsi 4 za nyama ya nguruwe iliyokaushwa, aunsi 8 za sukari, aunsi 2 za siagi, aunsi 2 za majani ya chai, na yai moja pale lilipopatikana. Nyama nyingine haikugawiwa kwa uzito bali kwa bei. Kwa muda mrefu kiwango kilikuwa shilingi moja na peni mbili kwa mtu. Aliyenunua nyama ya hali ya chini alipata kiasi kikubwa zaidi, na hivyo ujuzi wa kupika vipande vigumu ukawa na thamani ya fedha.

Athari yake kwa wiki ya aina ya Beeton ilikuwa nzito. Mnofu wa Jumapili ulipopungua, kiporo cha Jumatatu nacho kilipungua, na pamoja nacho dhamana ya jaribio. Fikiria hesabu ya nyumba ya watu wanne yenye mayai manne kwa wiki. Pishi jipya linalotumia mayai mawili linachukua nusu ya mayai ya familia. Likiharibika, hakuna duka la kukimbilia, hata kwa mwenye fedha. Kwa maneno mengine, katika wakati ambapo mapishi mapya yalihitajika kuliko wakati wowote, kuyajaribu kulikuwa hatari kuliko wakati wowote.

Serikali ilionekana kuelewa mgongano huo. Wizara ya Chakula haikuishia kugawa. Ilijaribu mapishi kwa niaba ya raia, ikasambaza vipeperushi, ikaweka vituo vya ushauri ambako wanawake waliona chakula kikipikwa mbele yao, na kuanzia Juni 1940 redio ya BBC ikatangaza kila asubuhi kipindi kifupi cha jikoni. Muda wa asubuhi haukuwa wa bahati mbaya: msikilizaji alisikia kabla ya kwenda sokoni. Mayai ya unga yaliyoletwa kutoka Marekani kuanzia mwaka 1942, paketi moja ikihesabiwa sawa na mayai 12, yalihitaji maelekezo mapya kabisa, kwa kuwa hakuna mama aliyewahi kumwonyesha bintiye namna ya kuyatumia.

Si kila pishi la Wizara lilipendwa. Pai ya mboga iliyopewa jina la waziri, Lord Woolton, ilibuniwa na mpishi mkuu wa hoteli ya Savoy, na watu wengi waliila kwa sababu hapakuwa na nyingine. Shajara ambazo raia wa kawaida waliziandika kwa ajili ya mradi wa Mass-Observation zina thamani ya pekee hapa kuliko vipeperushi vyenyewe. Nella Last, mama wa nyumbani wa mji wa Barrow-in-Furness aliyeanza kuandika mwaka 1939, anarudia mara kwa mara habari za alichopika, alichobakiza na namna alivyokigeuza. Ndani ya shajara hiyo jaribio linaonekana kama tukio la siku fulani, lenye mtu na jiko lake. Kitabu cha mapishi hakiwezi kutoa ushahidi wa namna hiyo.

Mwaka 1950, mgawo ukiwa bado unaendelea, Elizabeth David alichapisha kitabu cha vyakula vya nchi za Mediterania, chenye mafuta ya zeituni, limau, bilingani na vitunguu saumu. Sehemu kubwa ya vitu hivyo haikupatikana katika maduka ya kawaida ya Uingereza. Kitabu kilinunuliwa. Mtafiti atakayekitumia kueleza kwamba Waingereza wa mwaka 1950 walikula bilingani atakuwa ameangukia katika kosa lililotajwa mwanzoni mwa insha hii. Wengi wao walikisoma wakiwa wamekaa, kama mtu anavyosoma habari za safari.

Jiko la Nairobi

Mwaka 1928 chama cha wanawake cha Kanisa la St Andrew, Nairobi, kilitoa kitabu cha mapishi na mwongozo wa nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya. Kitabu hicho kilirithi desturi iliyoelezwa hapo juu, yaani mapishi yaliyokusanywa kutoka kwa wanawake wengi, vipimo vya vikombe na vijiko, na nyumba inayoendeshwa kwa mpango. Tofauti ilikuwa jikoni. Katika nyumba nyingi za walowezi aliyepika hakuwa aliyekinunua kitabu. Alikuwa mwanamume Mwafrika, na lugha iliyomfikishia maelekezo ilikuwa Kiswahili, mara nyingi Kiswahili kilichokatwakatwa ambacho mwajiri alikiokota kwa ajili ya kuamrisha.

Tukiulinganisha mnyororo huu na ule wa Abby Fisher, tunaona umegeuzwa. San Francisco, mjuzi alisema na asiyejua akaandika. Nairobi, asiyepika alisoma na mpishi akasikia. Katika hali zote mbili pishi lilipita kinywani, na katika hali zote mbili sehemu hiyo ya safari haikuhifadhiwa. Hatujaachiwa maandishi ya namna mpishi alivyoelewa "sawazisha kijiko", neno gani lilitumika kwa donge la unga wa pai, au alivyoamua pale maelekezo aliyotafsiriwa yalipopingana na alichokiona ndani ya sufuria. Na bila shaka aliamua. Jiko la kuni katika mwinuko wa Nairobi, ambako maji huchemka kwa joto la chini kuliko pwani, halikufuata dakika zilizoandikwa kwa ajili ya majiko ya Uingereza. Mpishi ndiye aliyelisahihisha pishi, kila siku, bila kalamu.

Suala la kiporo linarudi hapa kwa namna nyingine. Katika nyumba ya Beeton mabaki ya mezani yalikuwa na siku yao kwenye ratiba ya familia. Katika nyumba ya mlowezi palikuwa na meza mbili na vyakula viwili: kile alichokipika mpishi, na kile alichokula yeye, nyuma, kwa posho yake. Kama pishi jipya liliharibika, familia ilikuwa na mikate na nyama ya kopo. Hesabu ya mpishi ilikuwa kazi yake. Vitabu vya nyumbani vinavyoeleza namna ya kuokoa mchuzi uliokatika havielezi jambo hili, na haviwezi kulieleza, kwa kuwa vimeandikwa kutoka upande mmoja wa mlango wa jiko.

Chanzo kinachoweza kujaza pengo hilo bado kipo kwa kiasi fulani. Mtu aliyeingia kazini akiwa kijana wa miaka 16 katikati ya miaka ya 1950 sasa amevuka miaka 80. Wapo wanaokumbuka mapishi waliyofundishwa kwa amri fupifupi, na wapo watoto wao waliolelewa kwa keki na michuzi iliyotoka jiko la mwajiri ikahamia jiko la kijijini, ikibadilishwa njiani kwa viungo vilivyopatikana. Mahojiano nao yanapaswa kuuliza zaidi ya orodha ya vyakula. Yaulize siku: Jumapili walipika nini, Jumatatu kilibaki nini, na pishi jipya lilipoletwa kutoka kitabuni, lilijaribiwa siku gani, na nani aliyelionja kwanza.